Mbwa wa Polisi Anapostaafu

Katika nchi nyingi jeshi la polisi hutumia mbwa kwa kazi ambazo binadamu hawezi kuzifanya vizuri peke yake: kunusa baruti na madawa ya kulevya, kufuata nyayo za mtu aliyepotea au aliyetoroka, na kumkamata mhalifu anayekimbia. Kazi hizo ni za ujana. Mbwa huanza utumishi akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu au miwili, na aghalabu hustaafishwa akiwa na miaka minane hivi. Hapo ndipo huzuka swali ambalo kwa muda mrefu lilijibiwa na karani wa bohari: mali hii ya serikali iliyochakaa ipelekwe wapi? Siku hizi, huko Uingereza na Marekani, jibu la kawaida ni kwamba mbwa abaki na askari aliyekuwa akimwongoza, aishi na jamaa ya askari huyo mpaka mwisho wa maisha yake. Wengi hudhani kuwa desturi hii ni huruma tupu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa ina msingi katika elimu ya viumbe, na kwamba msingi wenyewe si ule unaodhaniwa mara nyingi.

Neno "mali" hapo juu si mzaha. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 2016, katika mji wa Stevenage ulio kaskazini ya London, mbwa wa polisi aitwaye Finn, wa jamii ya mbwa wachungaji wa Kijerumani, alimfukuza kijana aliyeshukiwa kwa unyang'anyi. Kijana yule alimchoma kwa kisu kirefu kifuani na kichwani. Finn alipasuliwa, akapona, akarejea kazini kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2017 alistaafu, akabaki nyumbani kwa mwongozaji wake, Dave Wardell, hadi alipokufa mwaka 2023. Lililowashangaza Waingereza wengi ni shtaka lenyewe: kwa majeraha ya mbwa, mshtakiwa alishtakiwa kuwa ameharibu mali, sawasawa na mtu aliyevunja dirisha la kituo cha polisi. Malalamiko yaliyofuata yalizaa sheria ya mwaka 2019, ambayo watu waliiita Sheria ya Finn. Kwa sheria hiyo, anayemjeruhi mnyama wa utumishi hawezi tena kujitetea mahakamani kwa kudai kuwa alikuwa akijilinda dhidi yake.

Marekani nayo iliwahesabu mbwa wake wa jeshi kuwa vifaa. Katika vita vya Vietnam ilitumia mbwa wapatao 4,000, na inakadiriwa kuwa waliorudishwa nyumbani walikuwa 200 hivi tu. Wengine waliuawa au waliachiwa jeshi la Vietnam ya Kusini. Ilikuwa mpaka Novemba 2000 ndipo sheria iliporuhusu mbwa wa jeshi aliyemaliza kazi achukuliwe na mwongozaji wake au na mtu mwingine anayeweza kumtunza. Hoja iliyokuwa ikitolewa kupinga jambo hilo ilikuwa kwamba mnyama aliyefundishwa kuuma hawezi kuishi salama na watoto. Hoja hiyo si ya kipuuzi, nasi tutairudia.

Kwanza tutazame jinsi mbwa anavyofundishwa kazi. Pua ya binadamu ina seli za kupokea harufu zipatazo milioni 5 au 6; ya mbwa ina zaidi ya milioni 200. Hata hivyo pua peke yake haitoshi. Mbwa hajui heroini ni nini, wala hana chuki na wauzaji wake. Mwalimu huanza kwa kumpa mchezo anaoupenda mno, kama vile mpira au kitambaa cha kuvutana, kisha huuambatanisha mchezo huo na harufu inayotakiwa. Baada ya majuma kadhaa harufu huwa ni ahadi ya mchezo. Hii ni kanuni ile ile ambayo Mrusi Ivan Pavlov aliionyesha kwa mate ya mbwa wake, na ambayo wanafunzi wa sekondari huisoma darasani. Nyuma ya kila mpira yupo mtu: mwongozaji ndiye anayerusha, anayesifu, anayelisha na anayekemea. Huko Uingereza mbwa wengi wa polisi hawalali kituoni, bali hulala katika banda uani kwa mwongozaji, na watoto wa nyumba ile huwajua tangu mwanzo.

Je, mbwa humwona mtu huyo kwa namna ya pekee? Mwaka 1998 wataalamu wa Budapest, huko Hungaria, walichukua jaribio lililotungwa kwa ajili ya watoto wachanga na mama zao, wakalitumia kwa mbwa na wenye mbwa. Katika chumba kigeni, mwenye mbwa hutoka na mgeni huingia, kisha mwenye mbwa hurudi. Mbwa walicheza na kuchunguza zaidi mwenyewe alipokuwapo, na waliusimamia mlango alipotoka. Watafiti wa Emory University, Marekani, walikwenda mbali zaidi. Waliwazoeza mbwa 12 kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha wakawanusisha harufu za watu na za mbwa, wanaowajua na wasiowajua. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kuwa sehemu ya ubongo inayohusika na kutazamia jambo jema iliamshwa zaidi na harufu ya mtu aliyezoeleka kuliko harufu nyingine zote. Tena mtu huyo kwa kawaida hakuwa yule aliyemshika mbwa wakati wa jaribio, bali mwingine wa nyumba ile ile. Kwa hiyo, tunaposema mbwa ana jamaa, hatusemi kwa mafumbo.

Hapo msomaji anaweza kukata shauri kwamba mbwa akitengwa na mwongozaji wake atakufa kwa majonzi. Asifanye haraka. Wataalamu wale wale wa Budapest walionyesha mwaka 2001 kuwa mbwa wazima wanaoishi katika makao ya mbwa waliotupwa wanaweza kuanza kushikamana na mtu mgeni baada ya kukaa naye mara chache tu, tena kwa dakika chache kila mara. Moyo wa mbwa, ikiwa tunaruhusiwa kutumia neno hilo, ni mwepesi kuliko tunavyopenda kuamini. Kama hoja ingekuwa mapenzi ya mbwa peke yake, basi mtu yeyote mwema mwenye ua mpana angefaa kupewa mbwa mstaafu.

Jambo lisiloweza kuhamishwa ni ujuzi wa mwongozaji juu ya mbwa wake. Chukua kwanza ile hoja ya kuuma. Pavlov aligundua kuwa fundisho likiacha kuthawabishwa hufifia, lakini halifutiki. Baada ya muda huweza kujitokeza tena lenyewe, ghafla, kana kwamba halikulala. Mbwa mstaafu huishi vivyo hivyo. Mtu akikimbia huku akipiga kelele, au mkono ukiinuliwa kwa namna fulani, mafunzo ya miaka mingi yanaweza kuamka. Askari aliyemfundisha anazijua ishara zinazomchochea, analijua neno linalomwachisha, na mbwa amekwisha kulitii neno hilo kwa sauti hiyo mara elfu kadhaa. Mgeni hana hata msamiati: mbwa wengi wa polisi huko Marekani hununuliwa Ulaya, na huamrishwa kwa Kijerumani au Kiholanzi.

Linganisha na panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini hapa kwetu Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya hao hufundishwa kwa kanuni hiyo hiyo ya Pavlov, kwa ndizi na karanga, lakini hawashikamani na mwalimu mmoja. Wanaweza kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono bila kazi kuharibika. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kuwapendelea katika kazi ile. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia hadi mwaka 2021, alitunukiwa mwaka 2020 nishani ya dhahabu ya shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, ambayo Finn alikuwa ameipata mwaka 2018. Nishani ni moja, lakini katika kustaafu wanyama hawa wawili wana mahitaji tofauti.

Ujuzi wa pili ni wa maumivu. Mbwa wachungaji wa Kijerumani huelekea kuugua nyonga: kichwa cha paja hakikai barabara katika tundu lake, kiungo kikasagika kadiri miaka inavyopita. Uti wa mgongo wa chini nao huharibika kwa kuruka kuta na kupanda magari. Mbwa aliyechaguliwa kwa sababu ya hamu yake kubwa ya kazi huendelea kufukuza mpira huku akiumia, wala halalamiki. Anayeona kwamba leo amesita kidogo kabla ya kuruka garini ni yule tu aliyemwona akiruka siku zote.

Umri wenyewe huhesabiwa vibaya. Ile kanuni ya mitaani ya kuzidisha kwa saba haina msingi. Mwaka 2020 watafiti wa California walilinganisha alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA kadiri kiumbe anavyozeeka, wakitumia mbwa 104 wa jamii ya Labrador, wakapata mlinganyo huu: umri wa binadamu ni 16 mara logi asilia ya umri wa mbwa, ongeza 31. Mbwa wa mwaka mmoja basi ni kama mtu wa miaka 31. Wa miaka minane ni kama mtu wa miaka 64. Wa miaka 12 ni kama mtu wa miaka 71. Mlinganyo huu ni wa Labrador, na jamii nyingine zaweza kutofautiana, lakini umbo la mchoro wake linafundisha: mbwa huzeeka mbio mwanzoni, kisha polepole. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wauchore.

Nyumbani, kosa la kwanza la watu wenye huruma ni chakula. Mbwa aliyekuwa akikimbia kila siku sasa analala, na bakuli ni lile lile. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani, Labrador 48 waligawanywa jozi jozi tangu wakiwa wadogo, mmoja wa kila jozi akipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake. Waliopunguziwa waliishi kwa wastani wa kati miaka 13.0, wenzao 11.2, na ugonjwa wa nyonga uliwachelewa. Gharama ya daktari wa mifugo ni shida nyingine, kwa kuwa siku ya kustaafu serikali huacha kulipa. Polisi wa Nottinghamshire, Uingereza, walianzisha mwaka 2013 aina ya kiinua mgongo, yaani hadi pauni 1,500 za matibabu kwa kila mbwa katika miaka mitatu ya kwanza. Kwa maoni yangu fedha hizo ni deni la mwajiri, kwani nyonga ile ilisagikia kazini.

Shida kubwa zaidi huja askari anapopewa mbwa mpya. Kila alfajiri mzee husikia mlio wa funguo na injini ya gari, huona sare ikivaliwa, na mwili wake hujiandaa kwa safari; kisha gari huondoka na kijana. Waongozaji wenye busara humzoeza mzee kabla ya siku yenyewe: humpunguzia zamu, humwacha nyumbani siku moja, halafu mbili, na kumfichia mpira uani autafute kwa pua. Wala si lazima alale sebuleni. Wasomaji wengi wa pwani wasioruhusu mbwa avuke kizingiti wasidhani kuwa jambo hili haliwahusu. Banda safi uani, karibu na sauti anazozijua, lamtosha.