SHUKA ILIYOHARIBIWA NA MGENI: NANI ALIPE, NA ALIPE KIASI GANI?

Chama cha msingi chenye vyumba vya kulaza wageni hupata riziki hata katika miezi ambayo ghala ni tupu na mizani imefunikwa. Wageni wenyewe ni wa namna nyingi. Wako wanachama waliokuja kwenye mkutano mkuu wakakosa usafiri wa kurudi, wako madereva wa malori na wanunuzi wa mazao. Na katika sehemu kama Karatu au vijiji vya kahawa vya Kilimanjaro, wako pia watalii wanaoagiza chumba kwa simu kwa usiku mmoja au miwili. Wote hulipa, hulala, wakaenda zao. Lakini baadhi yao huacha nyuma shuka yenye doa la damu, taulo lililofutiwa viatu, foronya iliyoingia hina, au chandarua kilichotobolewa na sigara.

Jambo hili huonekana dogo mpaka litakapoingia katika vitabu. Shuka ni mali ya wanachama kama vile gunia na turubai. Ikipotea thamani yake, hapana budi mmoja kati ya watatu aibebe hasara hiyo: mgeni, chama, au mfanyakazi. Pasipo utaratibu ulioandikwa, aghalabu huibeba yule asiye na sauti, naye ni mhudumu wa chumba. Kwa sababu hiyo yafaa kila katibu ajue ni lipi la kumdai mgeni, ni lipi la kuchukuliwa kuwa gharama ya biashara, na ni lipi lisilopaswa kabisa kugusa mshahara wa mtu.

UCHAKAVU SI UHARIBIFU

Shuka ambayo imekuwa nyembamba katikati, imefifia rangi, au pindo lake limeanza kufumuka, haikuharibiwa na mgeni wa jana. Imechakaa kwa kufuliwa na kulaliwa, na uchakavu huo umekwisha kulipwa kidogo kidogo na wageni wote waliotangulia, kwa kuwa umo ndani ya bei ya chumba. Hali kadhalika, doa linalotoka kwa ufuaji wa kawaida halikuharibu kitu. Kuliondoa ni kazi ya dobi, na bei ya chumba imeihesabu.

Uharibifu ni ule unaoikatisha shuka maisha yake kabla ya wakati: mpasuko, tundu la moto, alama ya pasi iliyounguza, rangi ya nywele, au doa lililokataa kutoka baada ya kushughulikiwa ipasavyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Chama hakiwezi kumdai mgeni thamani ya shuka ambayo dobi wa chama mwenyewe ndiye aliyeliganda doa lake kwa kulitia maji ya moto.

DOA LISHUGHULIKIWE VIPI

Madoa mengi yasemwayo kuwa hayatoki yalikuwa ya kutoka saa ya kwanza. Damu huoshwa kwa maji baridi, tena mapema. Maji ya moto huipika damu ndani ya nyuzi jinsi yai linavyopikwa, na baada ya hapo sabuni haina la kufanya. Loweka katika maji baridi yenye chumvi kidogo, suuza, kisha paka sabuni. Likibaki, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile iuzwayo katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda, humalizia shuka nyeupe; kwa shuka ya rangi ijaribiwe kwanza pembeni mwa pindo. Mkojo na matapishi pia huanzia kwenye maji baridi.

Mafuta hutaka kinyume chake. Mafuta ya nazi, ya kuchulia au ya mgando hupakwa sabuni ya maji yakiwa bado makavu, huachwa kwa muda, kisha hufuliwa kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Shuka zenye nyuzi za poliesta hung'ang'ania mafuta kuliko pamba tupu, kwa hiyo zisianikwe kabla ya kukaguliwa. Chai na kahawa husuuzwa kwa maji na kufuliwa kwa sabuni ya unga. Sabuni ya mche huweza kuligandisha doa la namna hiyo. Udongo mwekundu huachwa ukauke, ukapigwa brashi, ndipo shuka itiwe majini. Ukisuguliwa ungali mbichi huingia ndani zaidi.

Manjano ya mchuzi yana kioja chake. Sabuni ikiyagusa, doa la njano hugeuka jekundu, na mhudumu asiyejua hudhani ameharibu mali ya chama, akamimina jiki kwa hofu. Wekundu huo ni tabia ya rangi ya manjano inapokutana na sabuni, wala si hasara. Suuza vizuri, rudia sabuni, kisha anika juani. Mwanga wa jua huifisha rangi hiyo, mara nyingine kwa siku mbili tatu.

Lipo pia doa la rangi ya kutu ambalo halikuletwa na mgeni kabisa. Maji ya baadhi ya visima virefu yana madini ya chuma, na madini hayo hubaki katika nguo. Mafuta ya kujikinga na jua wanayojipaka watalii yanapokutana na maji ya namna hiyo huacha madoa ya njano yenye wekundu wa kutu. Hapa jiki ni adui, kwani huyafanya madoa ya chuma yakolee. Dawa yake ni ndimu au limau na chumvi, shuka ikawekwa juani, kisha ikasuuzwa sana. Kusuuza huko si kwa ajili ya unadhifu tu. Jiki ikichanganyika na ndimu au siki hutoa hewa ya klorini yenye sumu, na ikichanganyika na mkojo au na dawa yenye amonia hutoa hewa nyingine inayoumiza mapafu. Mfuaji aonywe wazi wazi, na shuka yenye mkojo isuuzwe kwa maji mengi kabla ya dawa yoyote.

Vyama vinavyotia jiki katika kila ufuaji ili shuka zing'are vifikiri upya. Jiki nyingi hudhoofisha pamba, nayo huila sufu kabisa, kwa hiyo isikaribie blanketi la sufu. Pengine shuka nyingi zaidi zimemalizwa na ndoo ya dobi kuliko wageni wote walevi.

Hina hutoka ikiwa bado mbichi. Ikikauka na kukaa, tumaini ni dogo. Piko na rangi ya nywele zikishika ni za kudumu. Katika miji ya pwani, ambako bibi harusi na shangazi zake huweza kukodi vyumba vitatu kwa siku mbili, ni busara kutandika shuka za rangi nzito na kuwaeleza jambo hili wanapopokea funguo. Kitambaa cheusi cha kufutia vipodozi, na kipande cha shuka kuukuu chenye maandishi "Viatu" kikiwa mlangoni, huokoa taulo nyeupe kwa gharama ya karibu na bure.

USHAHIDI HUANZA MGENI ANAPOINGIA

Kanuni ya sheria ya ushahidi ni kwamba anayedai jambo ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha. Mgeni hana wajibu wa kuonyesha kwamba shuka ilikuwa chafu alipofika. Chama ndicho kinachopaswa kuonyesha kwamba ilikuwa safi. Basi kila shuka iwe na alama ya chama na mwezi iliponunuliwa, kwa wino usiofutika au kwa uzi kwenye pindo. Kila chumba kiwe na orodha fupi ya vilivyomo, isomwe na mgeni pamoja na mhudumu wakati wa kukabidhiana ufunguo, na wote wawili watie saini. Doa la zamani likionekana liandikwe palepale.

Wakati wa kuondoka, chumba kikaguliwe mgeni akiwapo. Mgeni mwingine akishalala humo, dai limekufa. Kwa abiria wa basi la alfajiri, hati ya chumba iseme kwamba chama kitamjulisha siku hiyo hiyo kwa simu, na picha ya doa ipigwe kabla shuka haijaondolewa kitandani. Linaloandikwa asubuhi hiyo ni kuwapo kwa doa tu. Kiasi cha kulipa kingoje matokeo ya kufua, isipokuwa pale ambapo hasara yaonekana kwa macho, kama tundu la sigara.

Namna ya kusema nayo ina thamani yake. Damu kwenye shuka yaweza kuwa ya mwanamke aliyefikiwa na siku zake usiku, na maji kitandani yaweza kuwa ya mtoto au ya mzee mgonjwa. Shuka isikunjuliwe ukumbini. Mhudumu wa kike aseme na mgeni wa kike chumbani, kwa sauti ya chini, na mara nyingi neno la kutosha ni "usijali, tutafua."

Chama kikiamua kuchukua dhamana, itolewe stakabadhi yake peke yake na iandikwe katika vitabu kuwa ni amana ya mgeni, yaani deni la chama kwake. Si mapato. Katibu anayeitumia kununulia mafuta ya taa au kulipia umeme, hata kama ana nia ya kuirudisha jioni, ametumia fedha ya mtu mwingine.

KIASI

Tangazo ukutani lisemalo "Doa lolote Sh. 50,000/=" halimalizi shauri. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, kiasi kilichotajwa katika mkataba kuwa adhabu ya kuuvunja huwa ni ukomo. Anayestahili fidia hupata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Fidia ya haki kwa shuka kuukuu haiwezi kuwa bei ya shuka mpya, kwa kuwa chama hakikupoteza shuka mpya.

Hesabu yake ni rahisi mradi daftari liwepo. Ikiwa jozi ya shuka ilinunuliwa kwa Sh. 40,000/=, na daftari la chama laonyesha kwamba jozi za namna hiyo hutumika miezi 24 kabla ya kutolewa, na hii imeharibiwa ikiwa na miezi 15, basi imebakiza miezi 9. Chama kinadai 9 kwa 24 ya Sh. 40,000/=, yaani Sh. 15,000/=. Kama shuka yaweza kushonwa au kukatwa iwe foronya mbili, thamani ya foronya hizo ipunguzwe katika dai. Mgeni akionyeshwa hesabu hii kwenye karatasi, hoja yake hubaki ni juu ya tarakimu, si juu ya heshima yake. Alipe, apewe stakabadhi yenye kutaja sababu, na fedha hiyo iingie katika fungu la kununulia shuka.

Kwa dai dogo sana, kama taulo la miezi ya mwisho, ni afadhali kuliacha. Maneno ya mgeni aliyeudhika husafiri mbali.

MSHAHARA WA MHUDUMU

Mgeni ameondoka usiku, shuka imechanika, na mwisho wa mwezi mhudumu anakuta mshahara umepungua kwa bei ya shuka mpya. Hili hufanyika kwa urahisi, na halina haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara kwa matakwa yake tu. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe maelezo kwa maandishi ya sababu, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha.

Mhudumu aliyekagua chumba, akaandika alichokiona na kumjulisha katibu, hana kosa. Tena kumkata humfundisha kuficha. Atalifunika doa kwa kukunja, ataitandika shuka upande wa pili, au ataichanganya na nyingine kabatini, na chama kitakuja kujua pale mgeni wa tatu atakapofunua blanketi. Bodi inayotaka kweli kuzijua hasara zake haina budi kumwondolea mhudumu hofu ya kuziripoti.

SHUKA ILIYOKWISHA

Kila kitanda kiwe na jozi tatu: moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini. Chini ya hapo, siku ya mvua chama hutandika shuka zenye unyevu, au kumpa mgeni ile yenye doa ambayo wote walikubaliana haifai. Idadi ihesabiwe kila mwisho wa mwezi na katibu pamoja na mhudumu, na tofauti iandikwe na kutiwa saini siku hiyo hiyo.

Shuka isiyofaa isichukuliwe nyumbani na yeyote kabla ya kutolewa rasmi. Katibu aandike nambari yake, mwezi wa kununuliwa na sababu ya kuharibika, bodi iidhinishe katika muhtasari wa kikao, ndipo ifutwe katika daftari la mali na alama ya chama ikatwe pindoni. Vipande vyake ni vitambaa vya kusugulia sakafu na vya kufutia viatu. Kile kipande chenye alama kibanwe pamoja na muhtasari, kwa kuwa mkaguzi akija atauliza shuka ilikwenda wapi.