Unywele kama Kumbukumbu ya Mwili: Muundo, Mzunguko wa Ukuaji na Dalili ya Bwaki katika Kivu ya Kaskazini

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii inazichukulia nywele kuwa mfano wa kitu kisichoshirikiwa, na kwa kiasi kikubwa inasema kweli. Hata hivyo, iko hali moja ambamo nywele za watoto wasiokuwa na udugu wowote hufanana: hupoteza weusi wake, hugeuka wekundu au rangi ya kutu, hulainika, kisha hung'oka bila maumivu. Katika Kivu hali hiyo ni mojawapo ya dalili za ugonjwa uitwao bwaki.

Makala haya yanakusudia kueleza muundo wa unywele na mzunguko wa ukuaji wake, kisha kuonyesha jinsi maarifa hayo yanavyotuwezesha kuisoma dalili hiyo. Mfano wetu ni Mubambiro, mahali palipo karibu na mji mdogo wa Sake katika wilaya ya Masisi, kwenye njia itokayo Goma. Njia hiyo imepitwa na wahami wa vita tangu mapigano ya Walikale na Masisi ya mwaka 1993 hadi yale yaliyoufikisha mji wa Goma mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025.

2.0 Majina ya nywele katika Kiswahili

Katika mazungumzo ya kawaida umoja wa nomino hii, yaani unywele, hausikiki mara nyingi. Msemaji huziona nywele kwa jumla yake, kama aonavyo nyasi. Mwanabiolojia hana budi kuanza na umoja, kwa kuwa kila unywele huishi maisha yake peke yake bila kungoja wenzake.

Lugha yetu imeziainisha nywele kwa utajiri mkubwa. Kwa umbo zipo nywele za singa na za kipilipili. Kwa mahali zipo kope, nyusi, ndevu na sharubu. Kwa umri zipo mvi. Vinyoya laini vilivyoenea mwilini huitwa malaika. Tena liko neno kinyweleo, ambalo aghalabu huchukuliwa kuwa na maana ya kitundu tu cha ngozi. Katika makala haya tutalitumia kwa kifuko chote kinachozamia ndani ya ngozi na kuuotesha unywele.

3.0 Muundo wa unywele

Unywele una sehemu kuu mbili: mzizi, ulio ndani ya ngozi, na shina, linaloonekana nje. Shina halina uhai. Halina damu wala neva, na ndiyo sababu kinyozi hatuumizi. Kwa hiyo imani kwamba kunyoa mara kwa mara huzifanya nywele ziote nene zaidi haina msingi, kwani wembe hukata kitu kilichokwisha kufa na haukifikii kinyweleo.

Shina lina matabaka. La nje ni magamba membamba yaliyopandana kama vigae vya paa, nayo hulikinga lile la kati. Tabaka la kati ndilo kubwa kuliko yote. Limejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo keratini, na ndani yake mna chembe za melanini zinazoupa unywele rangi. Nywele nene huwa pia na kiini katikati. Keratini ina salfa nyingi, na vifungo vya salfa ndivyo vinavyoupa unywele uimara wake.

Chini kabisa ya kinyweleo mzizi huvimba na kufanya tunguu. Tunguu hilo limekalia kichuguu kidogo cha tishu chenye mishipa ya damu, na kutokana na damu hiyo hupata chakula. Hapa ndipo seli hugawanyika kwa kasi, hupokea melanini, hujaa keratini, hufa, kisha husukumwa juu na seli mpya. Pembeni ipo tezi ya mafuta inayoulainisha unywele, pamoja na musuli mdogo ambao hukaza tukishikwa na baridi au hofu, nasi husema nywele zimetusisimka.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kila kipande cha shina kilitengenezwa siku fulani, kwa chakula kilichokuwamo katika damu siku hiyo. Kikishatoka nje hakirekebishwi tena.

4.0 Mzunguko wa ukuaji

Kila kinyweleo hupita katika awamu tatu kuu. Awamu ya kwanza, anajeni, ni ya ukuaji. Kwa nywele za kichwani huchukua kati ya miaka 2 na 7, lakini kwa kope na nyusi ni miezi michache tu. Ndiyo maana nyusi hazifiki mabegani. Awamu ya pili, katajeni, huchukua wiki 2 au 3, na humo mgawanyiko wa seli hukoma na mzizi husinyaa. Awamu ya tatu, telojeni, ni ya mapumziko ya kiasi cha miezi 3, na hatimaye unywele huanguka na mwingine huanza kuota.

Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000. Katika hali ya afya takriban 85 hadi 90 kati ya kila nywele 100 zimo katika anajeni, na kwa kuwa vinyweleo havifuati zamu moja, mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kuonekana upara. Lakini mwili ukipatwa na mshtuko mkubwa, mathalan homa kali, uzazi au njaa, nywele nyingi huingia katika mapumziko kwa pamoja. Matokeo yake huonekana baada ya miezi 2 au 3, wakati mgonjwa mwenyewe huenda amekwisha kupona.

Kuhusu kasi, vitabu vingi hutaja sentimita 1 kwa mwezi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2001 vilionyesha kwamba nywele za Waafrika hukua polepole zaidi, wastani wa milimita 0.26 kwa siku, yaani karibu sentimita 0.8 kwa mwezi. Hesabu yetu itafuata kipimo hiki.

5.0 Bwaki

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliutangazia ulimwengu wa tiba jina la Kiga kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu ya mdogo wake. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell na wenzake waliuchunguza kwa miaka mingi na kuuandikia kitabu mwaka 1954. Kiswahili cha Afrika Mashariki kina kwashakoo na unyafuzi. Katika Kivu mama husema: mtoto ana bwaki.

Mtoto wa bwaki huvimba miguu na uso, ngozi yake hubambuka, hukosa hamu ya chakula, na nywele zake hubadilika. Tukirejea kwenye tunguu, sababu ya mabadiliko hayo ya nywele inaeleweka. Seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo za kwanza kupunguziwa fungu protini inapoadimika. Tunguu hupungua unene kabla hata rangi haijabadilika. Keratini hupungua, unywele huwa mwembamba, na kipilipili hunyooka mithili ya singa. Melanini nayo hutengenezwa kutokana na asidi-amino, kwa hiyo weusi hufifia.

Si kwamba bwaki huletwa na upungufu wa protini peke yake. Chanzo chake kamili kingali kinajadiliwa. Uchunguzi wa mapacha nchini Malawi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa hata bakteria wa utumbo huchangia. Lakini mazingira yanayouzaa ugonjwa huu yanajulikana. Muhogo hushibisha, ila una protini haba na salfa kidogo, na usipoandaliwa vyema mwili hulazimika kuitumia salfa hiyo hiyo kuondoa sumu yake. Hapa pana jambo la kusikitisha. Nyanda za juu za Masisi zinasifika kwa ng'ombe, maziwa na jibini. Mashamba yake hutoa maharage. Na Ziwa Kivu lililo karibu lina sambaza, samaki wadogo waliopandikizwa humo mwaka 1959 kutoka Tanganyika. Mtoto wa mhami hupata bwaki si kwa kuwa nchi yake haina protini, bali kwa kuwa vita vimemtenga na shamba, zizi na soko.

6.0 Kuusoma unywele

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto aliyefika Mubambiro na mama yake ana nywele zilizovutwa zikanyooka: ncha nyeusi, katikati ukanda mwekundu wa sentimita 2.4, na karibu na ngozi sentimita 0.8 nyeusi tena. Waganga huufananisha mpangilio huu na bendera. Kwa hesabu ya sentimita 0.8 kwa mwezi, mtoto alipata chakula bora mwezi 1 uliopita, na kabla ya hapo alipungukiwa kwa miezi 3. Kwa kuwa njaa yenyewe hupunguza kasi ya ukuaji, miezi hiyo 3 ni makadirio ya chini.

Zipo tahadhari. Jua, dawa za nywele na aina fulani za ualbino huweza pia kuleta wekundu, na mtoto aliyenyolewa karibuni amefutiwa kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo nywele hazitoshi kuthibitisha ugonjwa. Mhudumu wa afya hubonyeza nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde 3 aone kama shimo linabaki, na huupima mkono wa juu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Wekundu wa nywele ni wito wa kufanya vipimo hivyo bila kukawia, kwani bwaki isiyotibiwa huua.

Usomaji huu una faida nyingine. Katika pwani na bara, mtoto anayedhoofika namna hii huenda akasemwa kuwa amebemendwa, yaani wazazi wake wamevunja mwiko wa kipindi cha kunyonyesha, na lawama humwangukia mama. Unywele unatoa ushahidi tofauti. Mara nyingi mama akiulizwa juu ya miezi ya ukanda mwekundu atataja safari, shamba lililoachwa na chungu kilichopikwa muhogo mtupu.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba unywele ni kitu kilichokufa kinachotunza habari za mwili ulio hai, na kwamba mzunguko wake ndio ufunguo wa kuzisoma habari hizo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili lipo pia funzo la istilahi. Kijitabu cha afya kinachosema unyafuzi kitaeleweka Morogoro, lakini huko Sake huenda kikampita mama ambaye mwanawe ana bwaki. Watunga kamusi na wafasiri wa maandishi ya afya wanapaswa kuyaweka maneno haya bega kwa bega, kwani hapa tofauti ya msamiati inaweza kumchelewesha mtoto kufika zahanati.

Kila mtu ana nywele zake, kama methali isemavyo. Zinapogeuka nyekundu vichwani mwa watoto wa kambi nzima, zinasimulia njaa waliyoishiriki wote.