Pikipiki ya Usiku: Je, Mkono wa Dereva Wavijua Vibonye?

Sogea karibu na redio. Kama unakuna nazi au unapara samaki, endelea na kazi yako, sisi twataka masikio tu.

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Twazungumza juu ya safari ya kwenda hospitali usiku, kwa sababu dawa iliyoko hospitalini haimfai mgonjwa ambaye hakufika.

Tuseme unakaa Gazi. Ni saa nane za usiku. Mtoto ana homa kali na anatapika kila anachonyonya. Hiyo ni dalili ya hatari, si jambo la kungoja asubuhi. Jirani anampigia simu kijana wa bodaboda. Unamfunga mtoto kwa leso, unapanda, na safari ya hospitali ya Msambweni inaanza. Mkishafika barabara kuu iendayo Lunga Lunga, lori latokea mbele na taa kali. Kijana anataka kushusha taa yake ili mwenye lori naye ashushe yake. Kidole gumba kinatafuta swichi. Anabonyeza honi! Anatafuta tena, kisha anainamisha kichwa kuangalia usukani. Je, kwa sekunde hizo mbili, ni nani anayeangalia barabara?

Hebu tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kasi ya kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 hivi kila sekunde. Kwa sekunde mbili ni mita 22, karibu urefu wa mabasi mawili. Ikienda kilomita 50 kwa saa, ni mita 28. Kwa umbali huo wote mnakwenda bila macho. Mbele yenu huenda kuna tuta, ng'ombe aliyelala njiani, au mzee anayesukuma baiskeli isiyo na taa.

Vibonye hivyo ni vipi?

Mama, huna haja ya kujua kuendesha ili uyafahamu haya. Kwa pikipiki nyingi za kwetu, mkono wa kushoto una vibonye vitatu karibu na kidole gumba: cha kupandisha na kushusha taa ya mbele, cha indiketa, na cha honi. Mkono wa kulia una breki ya mbele na mafuta, na mara nyingi kibonye cha kuwashia injini. Vyote vimesongamana mahali padogo, na usiku vyote ni vyeusi.

Zipo pikipiki kubwa za bei ya juu, zinazoendeshwa zaidi ng'ambo, ambazo vibonye vyake vina taa ndogo ndani. Giza likiingia, kila kibonye hung'aa kidogo na dereva hukiona bila kupapasa. Pikipiki za bodaboda tulizozoea, kama Boxer na TVS, hazina taa hizo kwenye vibonye. Kinachowaka ni mita ya kasi na vitaa vidogo vilivyo karibu nayo. Kwa hivyo taa ya kijana wetu ni ujuzi wa kidole chake. Kidole kikizoea, macho hayaondoki barabarani.

Taabu huja pikipiki inapokuwa si yake. Wa mchana amekwenda kulala, na wa usiku ameazima. Pikipiki hii ina honi juu, ile ina honi chini. Mkono uliozoea moja hupotea kwenye nyingine. Tena sisi tunakaa pwani. Upepo wa chumvi wa Diani na Msambweni hula vyuma na nyaya, na mvua ya masika huingia ndani ya swichi. Kibonye kilichofanya kazi mwezi uliopita huenda leo kimekwama.

Vitaa vitatu vya kuvijua

Ukiwa nyuma unaweza kuviona vitaa vya mbele ya dereva kwa kuchungulia bega lake kabla hamjaondoka. Jifunze vitatu tu.

Cha buluu chaonyesha kwamba taa ya mbele iko juu, yaani "fulu". Barabara ikiwa tupu, hiyo ni sawa. Gari likija mbele na kitaa cha buluu bado kinawaka, kijana wako anampofusha mwenzake, na dereva aliyepofuka aweza kuwajia nyinyi.

Cha indiketa humetameta. Kwenye pikipiki nyingi hizi, indiketa haijizimi baada ya kona, sharti dereva aizime kwa kidole. Akisahau, gari la nyuma hudhani mnakata kulia, nanyi mnakwenda moja kwa moja. Watu wameumia kwa kosa dogo kama hilo.

Cha kijani chenye herufi N chaonyesha kwamba gia haijaingia. Hicho kikiwaka ndio wakati mzuri wa kupanda na kushuka, kwa maana pikipiki haitaruka mbele ghafla.

Je, tuongeze taa nyingi?

Vijana wengine hufunga vitaa vya rangi kwenye usukani na kuweka simu yenye mwanga mkali mbele yao. Wanadhani mwanga mwingi ndio usalama. La. Jicho la binadamu huchukua kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri. Mwanga mkali wa karibu huharibu mazoea hayo mara moja, na dereva akiinua macho haoni kitu. Ndiyo maana hata kwenye hizo pikipiki za bei ya juu, taa za vibonye hufanywa hafifu.

Nawe mama, hapa pana kosa letu. Mtoto akilia, twawasha tochi ya simu kumwangalia usoni. Mwanga ule humpiga dereva kwenye kioo cha pembeni. Ukitaka kumwangalia mtoto, mwambie kijana asimame kando kwanza.

Kuna njia rahisi zaidi. Dereva aweza kubandika kipande kidogo cha stika yenye kung'aa gizani karibu na kibonye cha taa, au kubandika kitu chenye mkwaruzo ili kidole kikitambue. La muhimu zaidi ni mazoezi. Pikipiki ikiwa imesimama, afumbe macho na kutaja: taa, indiketa, honi. Akikosea, arudie. Dakika tano zatosha.

Kabla hujapanda

Kina mama wengi huona haya kumuuliza dereva. Usione haya. Yule ni mwanao au ndugu yako, na roho ni zenu wote. Mwambie kwa upole: "Mwanangu, kabla hatujaondoka, hebu niwashie taa ya mbele. Ipandishe, ishushe. Nipigie honi. Indiketa kushoto, kulia. Sasa shika breki nione taa ya nyuma." Hayo hayachukui hata dakika moja. Kijana anayepapasa pikipiki ikiwa imesimama atapapasa zaidi ikiwa mbioni. Taa ya mbele au ya nyuma ikikataa, tafuta pikipiki nyingine.

Pandia upande wa kushoto, kwa sababu bomba la moshi kwa kawaida liko kulia na huunguza mguu. Ukiungua, mwagia maji baridi safi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Kunja ncha za leso, deira au buibui na uzikalie, zisifike kwenye mnyororo au gurudumu.

Mtoto asikae mbele juu ya tangi. Hapo humzuia dereva kugeuza usukani na kufikia vibonye, na mkigonga kitu yeye ndiye wa kwanza kurushwa. Mbebe katikati yako na dereva, umfunge imara, uso wake ugeukie pembeni apate kupumua.

Sheria ya trafiki ya Kenya ilirekebishwa mwaka wa 2012. Yataka dereva na abiria wote wavae helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu. Kwa hivyo gari likipatikana, panda gari, hasa ukiwa na mtoto. Twajua kwamba vijijini saa nane za usiku gari ni nadra. Ndiyo sababu twasema, ikiwa ni lazima iwe pikipiki, basi dereva asiwe na haraka, asiwe amelewa, na shemeji asiongezwe nyuma.

Wako wagonjwa ambao hawafai kupanda pikipiki kabisa: mama mjamzito anayetokwa na damu nyingi, mtu aliyezimia, na anayepata degedege wakati huo. Hao wanahitaji gari na mtu wa kuwashika. Piga simu zahanati au hospitali uulize ambulensi, au mwamshe jirani mwenye gari.

Jambo la kufanya leo

Usingoje usiku wa shida. Leo mchana nenda kwenye kituo cha bodaboda cha karibu. Uliza ni nani hufanya kazi usiku na pikipiki ni ya nani. Mwombe akuonyeshe vibonye. Chagua vijana wawili unaowaamini, kisha andika namba zao, namba ya zahanati, na ya mwenye gari mmoja. Bandika karatasi hiyo nyuma ya mlango. Kama nyumbani kuna mjamzito, mwonyeshe mumewe na mkwewe pia.

Mpenzi msikilizaji, wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Taa, indiketa, honi: viulize pikipiki ikiwa imesimama, ili usiku mtoto afike mikononi mwa daktari. Hadi juma lijalo, jitunze, na utunze waliomo nyumbani mwako. Kwaheri.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Usiku, kijiji chetu humtegemea nani kwa usafiri? Je, pikipiki anayotumia ni yake?

2. Kitaa cha buluu kikiwaka na gari linakuja mbele, utamwambia nini dereva?

3. Ni wagonjwa gani ambao hatutawapakia kwenye pikipiki, na gari tutalipata wapi?