Mununuzi Amelipa, Lakini Feza Iko Wapi?

Fikiria jambo hili. Yaya yako anakaa Marekani. Wewe uko hapa Kolwezi ao Likasi, na jirani yako ni fundi wa kuchonga malakite. Munapatana: wewe unanunua vijisanduku na shanga, makaratasi yanafanywa, mutu anayesafiri anavibeba, na yaya anaviuza kule kwa njia ya intaneti, katika soko kama eBay. Siku moja unapata habari kwa telefone: "Mudogo, kasanduku kameuzwa dola 60!" Nyumbani munafurahi. Hesabu inafanywa palepale: minervale ya watoto imepatikana.

Juma la kwanza linapita. La pili pia. Unamuandikia: "Yaya, ule mutu alilipa tangu zamani. Franga iko wapi?" Anajibu: "Alilipa kweli, lakini banaifunga kwanza. Ngoja posho tatu." Unanyamaza, lakini moyoni unasema: "Anaikula." Na siku feza inafika, si dola 60. Ni 41 na kitu. Sasa maneno yanaanza. Mama anaingia katikati, wajomba wanaitwa, na undugu unaanza kupasuka.

Lakini katika habari hii hakuna mutu aliyeiba. Kuna mambo mawili tu ambayo hamukuelezana: bei ya posta, na feza inayofungwa kwa muda. Tuyaangalie pamoja, ili siku nyingine hesabu isivunje jamaa.

POSTA INALIPWA NA NANI?

Zamani kule Uingereza, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa. Bei ilifuata urefu wa njia na hesabu ya karatasi. Watu wengi walikataa kulipa, na posta ilikuwa imebeba barua bure. Mwaka 1837 bwana Rowland Hill alitoa shauri lingine: anayetuma alipe mbele, na bei ifuate uzito. Mwaka 1840 shauri hilo likaanza kufuatwa: peni 1 kwa barua isiyopita gramu 14 hivi, mahali popote katika nchi ile. Ndipo timbri ya kwanza ikatokea.

Mupaka leo sheria ni ileile: anayetuma analipa mbele, na mizani ndiyo inasema. Basi katika soko la intaneti, muuzaji anaandika bei mbili: bei ya kitu, na bei ya posta. Mununuzi analipa zote mbili kwa mara moja. Lakini angalia vizuri: feza ya posta si faida. Inapita tu mukononi mwa muuzaji kwenda posta. Kama aliandika bei ndogo kuliko ile posta itaomba, tofauti inatoka katika mufuko wake, maana mununuzi hawezi kuombwa tena.

UZITO WA AINA MBILI

Wengi wanapima kitu chenyewe, wanasahau karatoni, vitambaa na karatasi za kukilinda. Malakite ni jiwe zito, tena linavunjika kwa upesi, kwa hiyo linaomba kufungwa sana. Pima koli ikiisha kufungwa, usipime jiwe likiwa wazi.

Kisha kuna uzito wa pili: nafasi ambayo koli inakamata ndani ya ndege. Makampuni mengi ya kubeba koli kati ya inchi na inchi, kama vile DHL, yanafanya hesabu hii: urefu mara upana mara kimo, kwa sentimeta, kisha kugawanya kwa 5000. Karatoni ya sentimeta 40 kwa 30 kwa 30 inatoa 36 000. Ukigawanya kwa 5000 unapata kilo 7,2. Hata kama ndani mumewekwa vikapu vya kilo 2 tu, utalipa kilo 7,2. Wanachukua ile hesabu iliyo kubwa.

Kwa jiwe ni kinyume: koli ni ndogo, lakini kilo ni nyingi. Kwa hiyo kule Marekani wauzaji wa mawe wanapenda masanduku ya posta yao yenye bei moja. Posta inatoa sanduku lenyewe bure, na bei haifuati uzito, ikiwa tu sanduku linafungika vizuri na halipiti kilo 31 hivi ndani ya nchi. Mutu anayejua jambo hilo anaokoa dola nyingi. Kwa vikapu, sanduku hilo halina maana. Kila kitu na njia yake.

DOLA 60 ZIMEKUWA 41 NAMNA GANI?

Tuweke mufano. Tuseme soko linakata komisyo ya dola 13 kwa kila 100. Yaya alipima kasanduku bila karatoni, akaandika posta dola 12. Posta ikaomba 19.

Bei ya kasanduku: 60
Posta aliyolipa mununuzi: 12
Jumla: 72
Komisyo juu ya 72: 9,36
Posta ya kweli: 19
Karatoni na vitambaa: 2
Inabaki: dola 41,64

Umeona? Komisyo haikukatwa juu ya 60, ilikatwa juu ya 72. Sababu gani? Zamani wauzaji wengine walikuwa wajanja: waliandika bei ya kitu kuwa ndogo sana, na posta kubwa sana, ili waepuke komisyo. Kwa hiyo, tangu mwaka 2011, eBay ya Marekani inakata komisyo hata juu ya feza ya posta.

Kama yaya angepima koli iliyofungwa na kuandika posta 19, jumla ingekuwa 79, komisyo 10,27, na kungebaki dola 47,73. Ni dola 6 zaidi, kwa sababu tu ya kupima mara moja vizuri. Lakini hata hivyo si 60! Basi usimuahidi mutoto viatu kwa kutazama bei iliyo kwenye telefone.

KWA NINI WANAFUNGA FEZA?

Turudie sasa swali la kwanza. Mununuzi amelipa, konti ya yaya inaonyesha feza, lakini hawezi kuitoa. Je, ni wizi?

Hapana. eBay ilianza mwaka 1995 kule California. Kitu cha kwanza kilichouzwa kilikuwa kamashini kadogo ka mwangaza wa laser, tena kalikuwa kameharibika. Kalipata dola 14,83. Katika miaka ile watu walitumiana cheki kwa posta bila kujuana. Mununuzi aliogopa: nikilipa mbele, kitu kitafika? Muuzaji naye aliogopa: nikituma mbele, nitalipwa? Bila mutu wa katikati, soko la watu wasioonana haliwezi kusimama.

Kwa hiyo, mutu wa katikati anashika feza kwa muda. Kule China, Alipay ilianza kazi hiyo mwaka 2004: feza inangojea mupaka mununuzi aseme, "Nimepokea." PayPal inaweza kufunga feza ya muuzaji mupaka siku 21, zaidi sana ikiwa muuzaji ni mupya, ikiwa alikaa muda murefu bila kuuza, ikiwa anauza ghafula vitu vya bei kubwa, ao ikiwa wanunuzi wamelalamika juu yake. eBay nayo, inayolipa wauzaji yenyewe, inafunga feza ya muuzaji mupya kwa muda.

Yaya yako hakufanya kosa. Ni mugeni tu katika soko, na mugeni anatazamwa kwanza.

NAMNA YA KUPUNGUZA SIKU

Mwambie yaya mambo haya:

Kwanza, atume koli upesi, siku ileile ao kesho yake. Lakini awe na feza ya posta mukononi, asitegemee ile iliyofungwa.

Pili, alipe posta yenye nimero ya kufuata koli, na aandike nimero hiyo katika soko. PayPal inafungua feza siku moja hivi kisha mubebaji kuhakikisha kwamba koli imefika. Bila nimero, hakuna mutu anayeweza kuhakikisha, na siku zinakuwa nyingi.

Tatu, apige picha za kitu mbele ya kukifunga, na achunge karatasi zote za posta. Kwa PayPal mununuzi ana siku 180 za kulalamika tangu alipolipa. Karatasi ndogo inaweza kukuokoa miezi kisha mauzo.

Ine, aeleze kitu kwa ukweli. Kama kuna ufa, aseme kuna ufa. Muuzaji asiyelalamikiwa anaachiliwa pole pole, na siku za kungoja zinapunguka.

KAMATA MWANGALISHO

Kuna watu wabaya wanaotumia habari hii kudanganya. Wanakuandikia barua kwa intaneti: "Mununuzi amelipa. Feza yako imefungwa. Tuma kitu kwanza ndipo ifunguliwe." Ao: "Lipa dola 50 ili konti yako ifunguliwe." Ni uongo. Feza iliyofungwa kweli inaonekana ndani ya konti yako mwenyewe, na hakuna mutu anayelipa ili ifunguliwe, siku zinaifungua. Usibonyeze mahali wanapokuonyesha ndani ya barua hiyo. Fungua konti yako kwa njia yako ya siku zote na utazame. Kama hakuna kitu mule, usitume kitu.

Neno lingine kwa vijana wa inchi yetu ya mukuba: si kila jiwe linaweza kuingia katika koli. Ili malakite na mawe mengine ya thamani yatoke Congo inaomba makaratasi. Uliza kwanza CEEC, ofisi ya Serikali inayopima mawe hayo. Na mawe yenye uranium, kama yale ya Shinkolobwe, hata kama rangi yao ni nzuri sana, posta ya kawaida haiyapokei. Usiyachunge hata nyumbani penye watoto.

NA HAPA KWETU?

Labda unasema: "Mimi sina ndugu Marekani. Ninauza kwa WhatsApp tu, kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi." Basi jua kwamba hatari yako ni kubwa zaidi, maana feza ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ikiisha kutoka, hakuna anayeishika katikati. Fanyeni ninyi wenyewe kazi hiyo. Tafuteni mutu munayemuamini wote wawili, mama fulani ao mukubwa wa jamaa. Feza ikae kwake mupaka koli itoke ajansi ya basi na kufunguliwa. Na patana mbele nani analipa basi. Usiseme, "Tutaona." Magomvi mengi yanazaliwa katika "tutaona".

Mwisho, turudi nyumbani. Mbele ya kutuma kitu kwa yaya, ketini pamoja kwa telefone na muandike mambo mane: bei, posta ya kweli, komisyo, na siku za kungoja. Yeye akutumie picha ya konti na karatasi ya posta kila mara anapouza. Wewe usimuulize kila siku asubuhi kama mupolisi.

Na kama tayari ulimuita mwizi mbele ya wajomba, kisha feza ikafika na hesabu yake, usinyamaze. Mupigie telefone leo. Feza iliyofungwa inafunguliwa kwa siku 21. Moyo wa ndugu uliofungwa unaweza kukaa miaka.