Baiskeli ya Mizigo Yatiwa Mota: Hesabu Kabla ya Spana

Alfajiri, mashua zinapoingia katika mlango wa Mto Pangani, wachuuzi wa samaki huwa wamekwisha kufika ufukoni na baiskeli zao. Tenga hufungwa juu ya keria kwa kamba za mpira, samaki hupangwa, na safari ya vijijini huanza kabla jua halijapanda. Tangu hapo mchuuzi hushindana na saa. Samaki asiye na barafu huharibika upesi katika joto la pwani, na kila kilima kinachomlazimu mchuuzi kushuka na kuisukuma baiskeli humpunguzia bei atakayoipata. Wako wanaovuka kwa kivuko hadi Bweni, na wako wanaoshika njia ya Muheza au ya Tanga, mji ulio umbali wa kilometa 50 hivi.

Si ajabu basi kwamba mota ya umeme, iuzwayo pamoja na vifaa vyake ili ifungwe kwenye baiskeli ya kawaida, inawavutia watu wa namna hii. Muuzaji huahidi mambo mawili: mwendo wa haraka, na safari isiyo na jasho. Ahadi hizo zaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi na mwanafunzi yeyote aliyekwisha kufundishwa kani, kazi na nishati. Tena inafaa zipimwe kabla fundi hajashika spana, kwa kuwa mota inunuliwayo bila hesabu huweza kumwacha mwenyewe njiani na tenga lake.

WAZO LA ZAMANI

Baiskeli ya umeme si uvumbuzi wa jana. Tarehe 31 Desemba 1895 Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Umbo hilo ndilo linalotumika hata leo katika mota nyingi za kufunga. Kilichochelewesha wazo hilo ni betri. Betri za risasi na asidi zilikuwa nzito mno kwa chombo kiendeshwacho kwa miguu. Mambo yalibadilika baada ya kampuni ya Sony ya Japani kuanza kuuza betri za ioni za lithi mwaka 1991. Mwaka 2019 wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Nishani ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu ya betri hizo.

Katika Afrika Mashariki pia jambo hili limekwisha kujaribiwa. Huko Jinja, Uganda, shirika la FABIO limeshughulika na baiskeli za umeme ziitwazo AfricroozE, zilizokusudiwa kwa barabara na mizigo ya nchi zetu.

JINSI MOTA IFANYAVYO KAZI

Waya upitishao mkondo wa umeme ukiwekwa ndani ya uga wa sumaku, husukumwa na kani. Hiyo ndiyo kanuni ya mota zote. Katika mota ya kitovu, koili za waya hufungwa kwenye ekseli isiyozunguka, na sumaku hupangwa kuzizunguka. Kidhibiti, ambacho ni kisanduku kidogo cha elektroniki, hupeleka mkondo kwenye koili kwa zamu. Kabla sumaku hazijatulia mbele ya koili moja, koili ya pili huwashwa na kuzivuta tena, na kwa njia hiyo gurudumu huzunguka.

Vifaa vingine ni betri, kishiko cha kuongeza mwendo, na mikono ya breki yenye swichi za kukata umeme mara mwendeshaji anaposhika breki. Seti nyingine huwa pia na kihisio kwenye pedali, ambacho huiruhusu mota kusaidia pale tu miguu inapokanyaga.

HESABU YA MZIGO NA BARABARA

Chukua mfano wa baiskeli ambayo pamoja na mota na betri ina kilo 27, mchuuzi mwenye kilo 63, na tenga la samaki la kilo 60. Jumla ni kilo 150. Juu ya lami, matairi yakiwa yamejazwa upepo vizuri, ukinzani wa magurudumu ni kama sehemu moja kwa mia ya uzito. Uzito ni nyutoni 1,500, hivyo ukinzani huo ni nyutoni 15. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, yaani meta 5.6 kwa sekunde, hewa nayo huzuia kwa kani ya nyutoni 11 hivi. Jumla ya kani ni nyutoni 26. Nguvu, yaani kazi ifanywayo kila sekunde, ni kani mara mwendo:

26 × 5.6 = wati 146, au kwa ukaribu wati 150.

Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu. Hapo yaonekana kwa nini mchuuzi hawezi kudumisha mwendo huo na mzigo huo kwa miguu yake peke yake.

Sasa na apande kilima kinachoinuka meta 5 kwa kila meta 100. Uvutano wa dunia humrudisha nyuma kwa kani ya nyutoni 75. Hata akipunguza mwendo hadi kilometa 10 kwa saa, jumla ya kani hufikia nyutoni 93 na nguvu inayotakiwa ni wati 260. Akitoa wati 100 mwenyewe, mota yatakiwa kumwongezea wati 160. Mota ya wati 250 yatosha, maadamu anaendelea kukanyaga pedali.

Itakuwaje akitaka kwenda kilometa 30 kwa saa juu ya lami tambarare? Mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, ukinzani wa hewa huongezeka zaidi ya maradufu, kwa kuwa hufuata mraba wa mwendo. Nguvu inayotakiwa hupanda kutoka wati 150 hadi wati 330 hivi. Na juu ya mchanga mlegevu, ukinzani wa magurudumu huweza kuzidi mara kadhaa ule wa lami. Basi kabla ya kuuliza mota ina wati ngapi, mnunuzi aulize barabara yake ni ya namna gani.

BETRI INAFIKA WAPI?

Betri ya kawaida ya seti hizi ni ya volti 36 na ampea-saa 10. Zidisha: nishati yake ni wati-saa 360. Ndani yake mna seli za volti 3.6, kumi kwa mfuatano. Mota hupoteza kama moja ya tano ya nishati kwa joto. Aidha, ni busara kubakiza moja ya tano ya nishati ya betri bila kuitumia, ili betri idumu. Kwa hiyo mchuuzi ana wati-saa 290 za kutumia.

Akikaa bila kukanyaga, mota hutoa wati zote 150 na betri hupungukiwa na wati 190. Nishati itakwisha baada ya saa moja na nusu, yaani baada ya kilometa 30. Tanga hatafika. Akikanyaga na kutoa nusu ya nguvu yeye mwenyewe, betri itadumu saa tatu, naye atakwenda kilometa 60. Tanga atafika, akiwa na akiba ndogo.

Hilo ndilo fundisho kubwa la hesabu hii. Kwa mbeba mizigo, mota ni msaidizi wa miguu. Anayeinunua ili aache kukanyaga amekata safari yake nusu.

MAMBO MATATU YA KUMPA FUNDI TAHADHARI

La kwanza ni ekseli. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo husukumwa kuzunguka nyuma. Kizuizi chake ni pande mbili bapa za ekseli, zilizokaa ndani ya mpasuko wa foko. Ikiwa momenti ya mota ni nyutoni-meta 30, na upana wa sehemu iliyoshika ni sentimeta 1 tu, kani juu ya kingo za foko ni 30 ÷ 0.01, yaani nyutoni 3,000. Huo ni sawa na uzito wa kilo 300. Nati zikilegea, ekseli yaweza kupanua mpasuko, ikachomoka na kukata nyaya zake. Dawa ni mkono wa chuma wenye urefu wa sentimeta 10, uliobana ekseli upande mmoja na kufungwa imara kwenye foko upande wa pili. Mkono huo huteremsha kani hadi nyutoni 300. Foko ya chuma cha pua au ya chuma cha kawaida yafaa kuliko ya alumini, na kutu, ambayo ni adui wa kila chuma kando ya bahari, ikaguliwe kwanza.

La pili ni gurudumu. Baiskeli nyingi za mizigo za inchi 28 aghalabu huwa na matundu 32 ya spoku mbele na 40 nyuma, ilhali mota nyingi zina matundu 36. Na yahesabiwe kabla ya kununua. Tena kitovu cha mota ni kikubwa, hivyo spoku za zamani huwa ndefu mno.

La tatu ni breki. Nishati ya mwendo hufuata mraba wa mwendo. Baiskeli yetu ya kilo 150 ikienda kilometa 15 kwa saa ina jouli 1,300 hivi. Ikienda kilometa 30 ina jouli 5,200. Mwendo umekuwa mara mbili, lakini kazi ya breki imekuwa mara nne. Breki za fito juu ya ringi za chuma hushika vibaya mno zikilowa. Asiye na breki za kuaminika asitafute mota.

Na betri yenyewe ina adabu zake. Isitobolewe, isifunguliwe, isiloweshwe kwa maji ya chumvi, wala isichajiwe juani au kando ya kitanda cha mtu aliyelala. Seli ya lithi iliyoharibika huweza kupata moto ambao hujichochea wenyewe.

MTO NDANI YA BETRI

Kuijaza betri hii, pamoja na upotevu wa chaja, huchukua yuniti 0.42 hivi za umeme, yaani jouli milioni 1.5. Mto Pangani wenyewe waweza kutumika kuonyesha maana ya kiasi hicho. Kituo cha New Pangani Falls, kilichoanza kazi mwaka 1995 na chenye uwezo wa megawati 68, huangusha maji ya mto huo yapata meta 170. Kila kilo ya maji hutoa jouli 1,700, na baada ya upotevu wa mitambo hubaki 1,450 hivi. Gawanya, na jibu ni zaidi kidogo ya kilo 1,000. Ingawa gridi ya Taifa huchanganya umeme wa vituo vingi, yatosha kusema kwamba safari moja ya mchuuzi ni sawa na anguko la tani moja ya maji, ambayo baadaye hutiririka hadi baharini, pale pale alipopakia samaki wake.

JARIBIO LA DARASANI

Pandisha mwanafunzi mmoja juu ya baiskeli, funga mizani ya springi mbele, kisha ivute polepole kwa mwendo usiobadilika: kwanza juu ya lami au sakafu, kisha juu ya udongo mgumu, mwisho juu ya mchanga. Andika kani kila mara, na rudia tairi zikiwa na upepo mdogo. Kwa kila namba, kokotoa betri ya wati-saa 290 ingemfikisha mwendeshaji umbali gani. Darasa litakalofanya hivyo litaweza kumshauri fundi na mchuuzi wa kijiji chake kabla hawajatoa fedha zao.