NYUMBA YA UDONGO BILA PAPASI

Jioni moja mama mjamzito aliletwa zahanati kwa baiskeli. Alikuwa na homa kali. Kichwa na viungo vilimwuma. Mumewe alisema homa hiyo ilimpata wiki iliyopita, ikapoa, na sasa imerudi. Tulimpima damu. Haikuwa malaria. Ilikuwa homa ya papasi. Tulimpa dawa, akapona. Lakini mimba iliharibika.

Mumewe aliniuliza: "Bwana mganga, nyumba yetu nimeijenga kwa mikono yangu, kwa udongo. Sina fedha za saruji. Nitafanyaje?"

Swali hili ni la wengi wetu. Jibu lake ni hili: udongo hauna kosa. Kosa ni nyufa, vumbi na giza.

Papasi ni nani?

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Hana mabawa. Mchana hujificha ndani ya nyufa za ukuta na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi kujificha. Ndiyo maana hatumwoni mara nyingi. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo usihamie nyumba iliyoachwa na kudhani papasi wamekwisha kufa.

Jenga kwa gharama ndogo, jenga vizuri

Kijijini mtu anaweza kujenga kwa fedha kidogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Mwanakijiji anayehitaji kiwanja hupeleka ombi lake huko. Udongo uko pale pale. Miti na nyasi hupatikana karibu. Kazi tunasaidiana na majirani. Fedha huenda zaidi kwenye misumari na bawaba za mlango. Basi fuata mambo haya:

1. Chagua mahali palipoinuka, ili maji ya mvua yasisimame karibu na nyumba.

2. Piga lipu kuta zote, ndani na nje. Udongo wa mfinyanzi peke yake hupasuka ukikauka. Uchanganye na mchanga. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ukuta. Ikipasuka, ongeza mchanga.

3. Shindilia sakafu mpaka iwe ngumu, kisha isiribe iwe laini. Fagia kila siku.

4. Kila kiangazi kagua nyumba yako. Kila ufa unaouona, uzibe kwa udongo. Kazi hii haina gharama.

5. Weka madirisha mawili yanayoelekeana katika kila chumba. Hewa ikipita, moshi hutoka. Chumba kisicho na hewa husaidia kifua kikuu kuenea.

6. Ziba nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Mbu wengi huingia hapo. Hata hivyo, lala ndani ya chandarua.

7. Usilale chini. Tengeneza kitanda cha miti na kamba, ukiweke mbali kidogo na ukuta.

8. Jenga jiko na banda la kuku na mbuzi mbali na chumba cha kulala. Moshi huwaletea watoto nimonia. Papasi hunyonya damu ya wanyama pia.

9. Fukia shimo ulilochimba udongo. Ukiliacha, litajaa maji na kuzaa mbu.

10. Chimba choo kirefu, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.

Ukiugua

Homa ikikushika, nenda zahanati wakati homa bado ipo. Hapo ndipo wadudu wa ugonjwa huonekana vizuri kwa darubini. Usinywe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Kama homa iliisha na sasa imerudi, mwambie mganga. Mama mjamzito asingoje hata siku moja. Homa ya papasi ina dawa, na dawa inaponya.

Ndugu msomaji, mwaka 1973 wanavijiji wa Tanzania walikaa katika vikundi wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Baada ya kusikiliza walichukua majembe, wakachimba vyoo. Hawakungoja fedha.

Baba yule naye hakungoja. Alipiga lipu kuta zake, akatoboa madirisha, akatengeneza kitanda. Nyumba ni ile ile ya udongo.

Leo jioni washa taa, utazame ukuta ulio karibu na kitanda chako. Je, una ufa? Kesho asubuhi kanda udongo.