Dawa za Fangasi za Ukeni: Namna ya Kuzitumia kwa Usalama na Hukumu Zake Katika Twahara na Swawm

AlhamduliLlaah, sifa zote njema ni za Allaah Mola wa walimwengu. Swalah na salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), na jamaa zake, na Swahaba zake, na watakaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Miongoni mwa maswali ambayo dada zetu huyauliza kwa sauti ya chini, tena mara nyingi kupitia kwa mtu mwingine, ni haya ya muwasho wa sehemu za siri na dawa zake. Mambo huwa hivi: mwanamke anawashwa, anaona haya kwenda hospitali, anamtuma mtoto duka la dawa. Dawa inaletwa, anaitumia siku mbili, muwasho unatulia, anaiacha. Zilizobaki anampa wifi yake naye ajitibu, na wifi ni mjamzito. Baada ya wiki tatu muwasho umerudi, na mume ameanza kuuliza maradhi haya yametoka wapi.

Dawa za fangasi ni dawa nzuri, na wengi hupona kwa siku chache. Lakini hufaa tu pale maradhi yakiwa ndiyo hasa, dawa ikiwa ni ya mtu yule, na ikatumiwa mpaka mwisho.

Haya isimzuie Muislamu kuuliza

Ummu Sulaym (Radhwiya Allaahu ‘anhaa) alimwendea Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) akamuuliza waziwazi kuhusu mwanamke anayeota kama anavyoota mwanamme, iwapo ni wajibu wake kuoga. Naye Mama wa Waumini ‘Aaishah (Radhwiya Allaahu ‘anhaa) amewasifu wanawake wa Answaar kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu Dini yao. Na Mtume ametufundisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa, na akatuamrisha tujitibu. Basi haya ni sehemu ya iymaan, ila si haya ya kuficha maradhi mpaka yakazidi.

Fangasi hizi ni nini?

Husababishwa na vijidudu vya jamii ya hamira viitwavyo kandida. Vijidudu hivi huishi mwilini mwa watu wengi wazima bila kudhuru. Hudhuru pale vinapozidi, na huzidi kwa sababu zinazojulikana: kutumia antibaiotiki, ambazo huua bakteria wazuri wanaovizuia, ujauzito, kisukari kisichodhibitiwa, dawa za steroidi, na kinga ya mwili kudhoofika, kama kwa mwenye VVU. Joto na unyevunyevu wa nguo za kubana navyo huchangia.

Kwa hivyo waume wazingatie hili: madaktari hawayahesabu maradhi haya kuwa ya zinaa. Humpata hata msichana ambaye hajaolewa na hajamjua mwanamme. Mke kuwa na fangasi si ushahidi wa jambo lolote dhidi yake. Kumtuhumu mwanamke aliyehifadhika ni katika madhambi makubwa, na dhana mbaya imekatazwa katika Suurat Al-Hujuraat. Nyumba isivunjike kwa muwasho ambao sababu yake ni antibaiotiki za kifua za wiki iliyopita.

Si kila muwasho ni fangasi

Dalili za fangasi za ukeni ni muwasho mkali, kuchoma hasa wakati wa haja ndogo, wekundu na uvimbe wa nje, na uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando. Aghlabu hauna harufu mbaya.

Uchafu ukiwa mwepesi wa kijivu wenye harufu kama ya samaki, mara nyingi hayo ni maradhi ya bakteria. Ukiwa wa manjano au kijani wenye povu, huenda ni trikomonasi, ambayo huambukizwa kwa tendo la ndoa, na hapo mume na mke hutibiwa pamoja. Yote mawili hayaponi kwa dawa ya fangasi. Kadhalika metronidazole, ambayo wengi huinunua kwa kila muwasho, haitibu fangasi kabisa. Ndiyo maana mwenye kupata hali hii kwa mara ya kwanza asijinunulie dawa kabla ya kupimwa.

Dawa zilizopo na matumizi yake

Dawa inayotumika zaidi ni clotrimazole ya kuingiza ukeni. Huuzwa kwa nguvu mbalimbali: kidonge cha miligramu 500 huingizwa usiku mmoja tu, cha miligramu 200 kwa siku tatu mfululizo, na cha miligramu 100 kwa siku sita au saba. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye boksi, kwani kuchanganya hesabu hizi ndiko kunakowafanya wengine wasipone. Osha mikono, lala chali, ingiza ndani kadiri inavyowezekana, na ufanye hivyo wakati wa kulala ili dawa isitoke mapema. Krimu yake hupakwa nje kupunguza muwasho. Muwasho ukitulia siku ya pili, usiache, maliza dozi.

Dawa ya kumeza ni fluconazole, miligramu 150, na kwa fangasi za kawaida humezwa mara moja tu. Wepesi wake usitudanganye. Hugongana na dawa nyingine, zikiwemo warfarin ya kuzuia damu kuganda, na baadhi ya vidonge vya kisukari kama glibenclamide, ambavyo ikichanganywa navyo sukari huweza kushuka kwa ghafla. Mwenye maradhi ya ini, figo au moyo amwambie daktari kwanza. Ama ketoconazole ya kumeza, usiitumie kwa maradhi haya. Imejulikana kudhuru ini vibaya, na mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliiwekea makatazo makali.

Jihadhari pia na krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, antibaiotiki na steroidi ndani yake. Hutuliza haraka, lakini steroidi hukondesha ngozi na huweza kuyaficha maradhi bila kuyaponya.

Nunua kwenye duka la dawa linalotambulika, tazama tarehe ya kumalizika muda wake, na usitumie dawa iliyobaki kwa mtu mwingine. Kuingiza limau, vitunguu thomu, siki au sabuni ukeni, au kujifukiza kwa moshi wa udi, huunguza na kuzidisha maradhi. Udi tuufukize nguo na nyumba. Kwa istinjaa, maji safi ya nje yanatosha, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kujikausha.

Mjamzito

Mjamzito asimeze fluconazole kwa kujiamulia. Tiba yake ni clotrimazole ya kuingiza, kwa kawaida siku saba, baada ya kuonekana kliniki. Aingize kwa kidole kisafi, wala asisukume kwa nguvu kifaa cha kuingizia dawa. Anayenyonyesha naye aseme mapema kabla ya kupewa dawa.

Wudhuu na Swalah

Uchafu unaotoka kwa fangasi si hedhi. Hauwajibishi kuoga janaba wala haumwondoshei mwanamke Swalah. Kwa Jamhuri ya Wanachuoni kinachotoka kwenye tupu ya mbele hubatilisha wudhuu. Ukimtoka mfululizo, hukumu yake huwa kama ya mwenye istihaadhwah, kama Mtume alivyomuelekeza Faatwimah bint Abiy Hubaysh: ajisafishe, ajizuie kwa pedi au kitambaa kisafi, atawadhe baada ya kuingia wakati wa kila Swalah ya fardhi, aswali, wala asiwe na wasiwasi kwa kitakachotoka baadaye. Mabaki ya dawa yanayotoka asubuhi nayo hutaka kujisafisha na wudhuu. Na kwa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi‘iy, kugusa utupu kwa kiganja bila kizuizi hubatilisha wudhuu, basi atie dawa baada ya Witr yake.

Swawm ya Ramadhwaan

Wanachuoni wamekhitilafiana juu ya dawa inayoingizwa ukeni mchana wa Ramadhwaan. Kwa Mashaafi‘iy, ambao ndio wengi visiwani kwetu, inafunguza. Wengine wanaona haifunguzi, na ndio uamuzi uliopitishwa na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997. Kwa bahati njema, wakati bora wa dawa hii kitiba ni usiku, na hapo mtu ametoka katika khitilafu. Ya kumeza, ambayo ni mara moja, imezwe baada ya futari au kwenye daku.

Tendo la ndoa na kuonwa na daktari

Wakati wa tiba ni vyema mume na mke wasubiri, kwani sehemu imeumia, na dawa za kuingiza huweza kudhoofisha mipira ya kondomu. Mume asiye na muwasho wala vipele hahitaji dawa.

Mwanamke atafute daktari au muuguzi mwanamke. Asipopatikana, dharura humhalalishia kuonwa na daktari mwanamme kwa kiasi cha haja tu, akiwepo mumewe, maharimu wake au muuguzi mwanamke.

Nenda hospitali bila kuchelewa ikiwa:

- una mimba, una kisukari, au mgonjwa ni binti mdogo;
- una homa, maumivu ya chini ya tumbo, vidonda, au damu isiyo ya hedhi;
- uchafu una harufu mbaya;
- hukupata nafuu baada ya siku saba za dawa;
- fangasi zimerudi ndani ya miezi miwili, au hukupata mara nne au zaidi kwa mwaka.

Mwenye kurudiwa namna hii aombe kupimwa sukari na VVU. Wapo waliohangaika na muwasho mwaka mzima wakibadilisha krimu, kumbe kisukari ndicho kilichokuwa kikibisha hodi.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aalaa) awaponye wagonjwa wetu, azihifadhi ndoa zetu na dhana mbaya, na atupe haya yenye manufaa. Aamiyn.

Wa-Allaahu A‘lam.